Mdogo Wangu Ananipita Kichwa Kizima: Darsa Kuhusu Kimo



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na kumpa umbo alilolitaka Yeye. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Swahaba zake. Ama baad.

Ndugu mhariri aliniomba niandike darsa juu ya adabu za ulimi. Nimeiandika, ila imeingilia mlango mwingine, kwa sababu Ramadhani iliyopita lilinipata jambo msikitini ambalo mpaka leo sijamaliza kulifikiria.

Nilikuwa nyumbani Bujumbura. Usiku mmoja, kwenye msikiti wa mtaani kwetu Buyenzi, imamu alichelewa na Isha ilikuwa imeshakimiwa. Mzee mmoja wa saff ya kwanza akageuka nyuma kutafuta mtu wa kusalisha. Macho yake yakatua kwa mdogo wangu. Mdogo wangu ana miaka 19, urefu wake unapita mita 1 na sentimita 80, na usiku ule alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Mzee akamwambia, "Shehe, pita mbele." Mdogo wangu anasoma uhasibu, na sura anazozihifadhi sawasawa ni zile za mwisho mwisho za Juzuu Amma. Akanishika begani na kusema, "Mzee, kaka yangu ni huyu. Yeye ndiye anayesoma dini chuoni." Yule mzee akanitazama kutoka juu mpaka chini, safari ambayo kwangu mimi haichukui muda mrefu, akauliza kwa sauti iliyosikika saff tatu: "Huyu mtoto?"

Nina miaka 25. Kimo changu ni sentimita 157. Nilisalisha, lakini nilisoma Fatiha kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, na baada ya salamu sikukaa kufanya adhkari. Nilitoka kwa mlango wa pembeni.

Wanaonijua hapa chuoni wananiita Nukta. Nimelizoea jina hilo kiasi kwamba mtu akiniita jina langu la kuzaliwa nageuka kutazama kama amemwita mwingine. Nilijiambia siku zote kwamba halinisumbui. Usiku ule niligundua kwamba linanisumbua, na kinachoniuma zaidi ni hawa vijana wanaoingia mwaka wa kwanza kila Agosti. Wana miaka 18 au 19, wametoka sekondari juzi, na kila kundi linaonekana refu kuliko lililotangulia. Wenzangu wa rika langu tulikua pamoja tukazoeana. Hawa wadogo wananiinamia ili kunisalimia.

Nikarudi kwenye vitabu nikiwa na swali moja: dini yangu inasema nini na mtu kama mimi? Sikutaka maneno ya kunibembeleza. Nilitaka nijue.

Mwanamke wa viatu vya mbao

Hadithi ya kwanza iliyonisimamisha imo katika Sahih Muslim, imepokewa na Abu Said Al-Khudri (R.A.). Mtume (S.A.W.) alisimulia habari ya mwanamke mfupi wa Bani Israil aliyekuwa akitembea pamoja na wanawake wawili warefu. Akajitengenezea miguu miwili ya mbao. Akajitengenezea pia pete ya dhahabu yenye kifuniko, akaijaza miski. Kisha akapita katikati ya wale wawili, watu wasimtambue, naye akaupunga mkono wake hivi ili harufu ienee.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani. Maelfu ya miaka kabla ya viatu vya soli nene, mtu mfupi alikwisha kuvibuni. Na tazama jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoisimulia: hakuongeza neno la kumcheka yule mwanamke kwa ufupi wake. Alieleza alichokifanya tu.

Imam An-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, aliuliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa fiqhi angeliuliza: je, katika sheria yetu sisi, miguu ya mbao ina hukumu gani? Jawabu lake linategemea nia. Ikiwa mtu ana kusudio sahihi la kisheria, kwa mfano kujisitiri asijulikane akadhuriwa, hapana ubaya. Ikiwa kusudio ni kujikweza, au kujifananisha na waliokamilika ili kuwahadaa wanaume na wengineo, basi ni haramu.

Sasa nikiri jambo. Mwaka jana nilikwenda na mjomba wangu nyumbani kwa watu kwa ajili ya kuulizia posa. Siku tatu kabla nilinunua viatu vyenye soli nene, na ndani yake nikaweka vipande vya sponji chini ya visigino. Nilipojipima ukutani niliona nimeongeza sentimita sita. Nilitembea chumbani kwa furaha kubwa. Kitu ambacho sikukifikiria hata kidogo, mimi mwanafunzi wa dini, ni kwamba nyumbani kwa Muislamu viatu vinavuliwa mlangoni. Nilipanda kibaraza nikiwa na sentimita 163, nikaingia sebuleni nikiwa na 157, na suruali ikiburura sakafuni. Mjomba alinitazama, akatazama viatu, akatazama dari.

Leo nikiisoma kauli ya An-Nawawi siwezi kujitetea. Sikuwa najisitiri na dhara lolote. Nilitaka binti wa watu na baba yake wanione nisivyo, tena katika jambo la ndoa, ambalo kudanganya ndani yake, wanachuoni wanakuita tadlis, ni jambo zito. Kwa hiyo viatu kama viatu havina kosa, na ndugu yangu mfupi anayevaa soli nene kwa sababu anavipenda simhukumu. Ila kila mmoja anaijua nia yake aliyoivalia.

Kuna wanaoniuliza pia kuhusu upasuaji wa kurefusha mifupa, kwa kuwa siku hizi video zake zinazunguka kwenye simu. Njia hiyo ilianzia kwa daktari Gavriil Ilizarov, kule Kurgan nchini Urusi ya Kisovieti, miaka ya 1950, na lengo lake lilikuwa kuwatibu watu waliovunjika mifupa na wenye mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Mfupa hukatwa, kisha huvutwa taratibu, kiasi cha milimita moja kwa siku. Hapa kuna tofauti kubwa kati ya tiba na pambo. Arfaja (R.A.) alipokatwa pua vitani akaweka ya fedha ikatoa harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) alimwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Hiyo ni tiba, na mwenye mguu mfupi anayechechemea anaingia hapo. Mtu mzima mwenye miguu salama anayevunjwa mifupa ili apate sentimita saba tu, huyo anaangukia upande wa makatazo ya kubadilisha maumbile kwa ajili ya urembo. Hayo ndiyo niliyoyafahamu kwa walimu wangu, na mwenye mas'ala yake binafsi amuulize mwanachuoni wake.

Neno ambalo lingebadilisha bahari

Hadithi ya pili ndiyo iliyonifanya nifikirie jina la Nukta. Imo katika Sunan Abi Dawud na Tirmidhi. Bi Aisha (R.A.) alimwambia Mtume (S.A.W.) juu ya mke mwenzake, Bi Safiyya (R.A.), kwamba yamtosha kuwa yeye ni hivi na hivi. Wapokezi wakaeleza kuwa alikusudia ufupi wake. Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyabadilisha.

Zingatia mambo mawili hapa. La kwanza, neno lenyewe lilikuwa kweli. Bi Aisha hakusema uongo. Bi Safiyya alikuwa mfupi. Mara ngapi tunajitetea kwa kusema, "Kwani si kweli?" Ukweli wake ndio unaoifanya kuwa ghiba, kwa sababu ingekuwa uongo ingeitwa uzushi. La pili, aliyesema ni Bi Aisha, mwanachuoni katika wanachuoni, mtu wa Peponi. Wivu wa kawaida wa wake wenza ulitosha kumtoa neno hilo. Basi sisi wa bwenini tujitazame.

Katika kumbi zetu hapa hatuhitaji hata neno. Mtu akiulizwa, "Nukta gani?" anashusha kiganja mpaka usawa wa kifua chake, na kila mtu anacheka. Wanachuoni wamesema wazi kuwa ghiba huwa kwa ishara ya mkono, kwa jicho na kwa kuigiza mwendo, kama inavyokuwa kwa ulimi.

Sitaki kuvuka mpaka nikasema kila jina la umbo ni haramu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliuliza kuhusu mtu aliyejulikana kwa jina la Dhul-Yadayn, mwenye mikono mirefu. Wapokezi wakubwa wa hadithi wanajulikana kwa majina kama Al-A'mash, mwenye macho mabovu, na Al-A'raj, kiguru. An-Nawawi ameeleza kuwa hujuzu kwa ajili ya kumtambulisha mtu, pasipo nia ya kumshusha, na ikiwezekana kumtambulisha kwa njia nyingine ndiyo bora. Wenzangu wa kitivo wanamjua Humayd At-Tawil, Humayd Mrefu, anayejaa katika isnadi za Anas bin Malik. Wengi hawajui kwamba Al-Asma'i, aliyemwona kwa macho yake, alisema hakuwa mrefu. Mikono yake ndiyo iliyokuwa mirefu. Na inasemekana alikuwa na jirani aitwaye Humayd Mfupi, basi yeye akaitwa Mrefu ili wasichanganywe. Nimemwonea wivu sana Humayd.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharau watu wengine kwa kuwa huenda hao wakawa bora kuliko wao, ikakataza kuitana kwa majina ya kejeli, na aya inayofuata ikakataza kusengenyana. Aya ya 13 ikaja na habari ya mataifa na makabila. Huo mfululizo nimeuzoea tangu madrasa, lakini sisi wa Maziwa Makuu tuna sababu ya kuusoma polepole kuliko wengine. Wakoloni wa Kibelgiji walipoitawala Ruanda-Urundi walikuja na vipimo vyao, wakapima urefu wa watu na pua zao, na huko Rwanda katika miaka ya 1930 wakagawa vitambulisho vyenye kabila la mtu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, wapo waliouawa kwa sababu tu walionekana warefu. Babu zetu na baba zetu hapa kwetu Burundi nao wanajua maana ya kutazamwa kimo kabla ya kuulizwa jina. Ndiyo maana utani wa urefu na ufupi, ambao kwingine ni utani tu, kwetu sisi mimi nauona umepita mahali penye damu.

Kwa nini wadogo zetu ni warefu

Baada ya ule usiku wa Isha nilimuuliza mama. Nilimuuliza kwa mzaha, "Mama, hivi mimi ulinipa nini na huyu ulimpa nini?" Hakucheka. Akaniambia, "Wewe nilikubeba mimba kambini." Mimi nilizaliwa mwaka 2000 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania, vita vikiwa vinaendelea nyumbani. Mama anasema mgao ulikuwa unga wa mahindi na maharage, na kuna miezi ulikuwa unapunguzwa. Tulirudi Bujumbura mwaka 2005. Mdogo wangu alizaliwa mwaka uliofuata, Buyenzi, baba akiwa ameshapata kazi, na nyumbani kulikuwa na ndagala, mukeke siku nyingine, mayai na maziwa. Mama alipomaliza kunieleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nalalamikia sentimita, kumbe mama yangu amezibeba miaka ishirini na mitano kama deni. Nililia siku hiyo, na nikamwomba yeye anisamehe.

Wataalamu wa lishe wanasema siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kutimiza miaka miwili, ndizo zinazoamua sehemu kubwa ya kimo chake. Anachokikosa humo ni shida kukirudisha. Urithi nao una nafasi yake, na baba yangu si mrefu, kwa hiyo sisemi yote ni njaa. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika Burundi mwaka 2016 na 2017 uliwakuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sidhani watoto wote hao wana baba wafupi. Upande wa pili, Waholanzi, ambao leo wanatajwa kuwa warefu kuliko watu wote duniani, katikati ya karne ya 19 walikuwa miongoni mwa watu wafupi wa Ulaya. Wajapani nao waliongezeka kimo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni maziwa, maji safi, na watoto kutougua mara kwa mara.

Hapo mwanafunzi makini atauliza: vipi kuhusu hadithi ya Adam (A.S.)? Imo katika Bukhari na Muslim kwamba Adam aliumbwa na urefu wa dhiraa 60, na kwamba viumbe wameendelea kupungua mpaka sasa. Ikiwa watu wanapungua, mbona mdogo wangu kanipita? Kwa ufahamu wangu, hadithi inazungumzia jinsi ya binadamu tangu Adam mpaka zama alizokuwa akizungumza Mtume (S.A.W.). Haikusema kila mtoto atakuwa mfupi kuliko kaka yake. Hata hivyo wanachuoni hawakuona aibu kukiri ugumu wa hadithi hii. Ibn Hajar Al-Asqalani, katika Fat-hul Bari, alitaja nyumba za Thamud zilizochongwa majabalini, kwamba ukubwa wake hauonyeshi watu warefu kupita kiasi, akasema mpaka wakati anaandika hakupata jawabu la kuuondoa utata huo. Nilipenda sana kuona mtu wa kiwango chake akiandika hivyo. Na katika hadithi hiyo hiyo kuna habari ambayo wafupi wenzangu wataifurahia: kila atakayeingia Peponi ataingia kwa sura ya Adam. Yaani kama tutafika, tutakuwa sawa sote.

Waliopimwa kwa mizani nyingine

Nilisema sitaki kubembelezwa, kwa hiyo nianze na upande unaoniuma. Qur'ani haikusema urefu si kitu. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 247, Talut alipofanywa mfalme juu ya Bani Israil, watu wakamkataa kwa kuwa hana mali, wakajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu amemzidishia upana wa elimu na wa mwili. Mwili ulitajwa. Ni neema, na anayepewa amepewa. Na Mtume wetu (S.A.W.), kama alivyosimulia Anas, alikuwa wa kati na kati, si mrefu wa kupindukia wala si mfupi. Wahadhiri wanaotaka kutufariji wasitupe yasiyokuwapo. Mfano ni Julaybib (R.A.). Nimesikia mawaidha mengi yakimtaja kwa ufupi wake. Nilipokwenda Sahih Muslim nilikuta kifo chake tu: kwamba alikutwa ameuawa pembeni mwa maadui saba aliowaua, na Mtume (S.A.W.) akasema huyu ni katika mimi na mimi ni katika yeye, akambeba kwa mikono yake mpaka kaburini. Kimo chake hakikutajwa pale. Na sidhani kinahitajika.

Lakini elimu ilitangulizwa mbele ya mwili katika aya ya Talut. Na kaumu ya Adi, waliozidishiwa umbo kama ilivyo katika Sura ya Al-A'raf, mwisho wao katika Sura ya Al-Haqqa ni magogo ya mitende yaliyo wazi ndani. Wanafiki wa Madina nao walisifiwa miili yao katika Sura ya Al-Munafiqun, kwamba inapendeza kuitazama, kisha wakafananishwa na mbao zilizoegemezwa. Mkubwa wao, Abdullah bin Ubayy, alikuwa na mwili hasa: siku ya Badr, Al-Abbas ami yake Mtume alipotekwa akiwa hana kanzu, ilitafutwa ya kumtosha ikapatikana ya Ibn Ubayy.

Siku hiyo hiyo ya Badr alikuwepo Abdullah bin Mas'ud (R.A.). Kama kuna Swahaba ambaye kila mfupi amsome, ni huyu. Alikuwa mchunga kondoo huko Makka, mwembamba, mfupi kiasi kwamba akisimama karibu na watu waliokaa walikaribia kumficha. Ndiye aliyekwenda kwenye Al-Kaaba kuwasomea Makureshi Sura ya Ar-Rahman kwa sauti, wakampiga usoni mpaka akajaa alama. Pale Badr alimkuta Abu Jahl amelala na majeraha, akapanda juu yake. Abu Jahl, akiwa anakata roho, bado alikuwa na nguvu za kumdharau kwa umbo na kazi: alimwambia kwamba amepanda mahali pagumu, ewe kichunga kondoo. Ndilo jina la utani la mwisho alilolitamka.

Baadaye, Ibn Mas'ud akiwa juu ya mti wa mswaki, upepo ulifunua miundi yake myembamba. Swahaba wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawauliza wanacheka nini, wakasema wembamba wa miguu yake. Akaapa kwamba miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Habari hii imo katika Musnad ya Imam Ahmad. Waliocheka walikuwa Swahaba, watu bora, na hawakuwa na chuki naye. Kicheko kilikuwa chepesi tu kama cha bwenini kwetu.

Umar (R.A.), ambaye alikuwa mrefu sana, siku moja alikaa na watu akamwona Ibn Mas'ud anakuja, uso wake ukachangamka, akamwita kifuko kidogo kilichojaa elimu. Neno alilotumia ni la kudogosha, kama sisi tunavyoweka "ki" mbele ya neno. Hata sifa yake ilitaja udogo. Kisha akampeleka Kufa akawe mwalimu, akawaandikia watu wa Kufa kwamba amewapendelea kwa mtu huyo kuliko nafsi yake mwenyewe. Elimu hiyo ikapita kwa Alqama, kwa Ibrahim An-Nakha'i, kwa Hammad, mpaka kwa Abu Hanifa. Mamilioni wanaosali leo kwa madhehebu hayo wanaifuata njia iliyopitia kwa yule kichunga kondoo.

Kwa dada zetu kuna Bi Zaynab bint Jahsh (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwaambia wake zake kuwa wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake ni mwenye mkono mrefu zaidi kati yao. Wakawa wanapimana mikono. Naiona picha hiyo kila nikiisoma, wameinyoosha mikono yao ukutani, kila mmoja akitazama wa mwenzake. Bi Sawda ndiye aliyekuwa mrefu. Kisha akatangulia kufa Bi Zaynab, mwaka wa 20 Hijria, naye alikuwa mfupi. Hapo wakafahamu kuwa mkono mrefu ni sadaka. Alikuwa fundi wa mikono, anatia ngozi dawa, anashona, na anachokipata anakitoa. Wamepima kwa miaka, kumbe walikuwa wanapima kitu kingine.

Saff na mihrabu

Nimalizie kwa jambo la fiqhi ambalo linatuhusu kila siku. Tunaamrishwa kunyoosha saff, bega kwa bega na kifundo kwa kifundo. Sisi wafupi bega letu linafika kwenye kiwiko cha jirani, na nimeona vijana wanajikunja ili mabega yalingane, au wanaacha nafasi wakidhani saff haijakamilika. Kipimo cha unyoofu kiwe kwenye vifundo vya miguu na visigino, kwa kuwa huko ndiko mrefu na mfupi wanakokuwa sawa. Simama wima, jirani yako hana haja ya wewe kuinama.

Ama uimamu, hadithi ya Abu Mas'ud Al-Ansari katika Sahih Muslim imepanga: anayejua zaidi kusoma Kitabu, kisha Sunna, kisha aliyetangulia kuhama, kisha umri au kutangulia katika Uislamu. Urefu haumo. Tena Amr bin Salama aliwasalisha watu wake akiwa na miaka sita au saba, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na Qur'ani nyingi kuliko wote, na kwa hadithi hii Mashafi'i wakasema uimamu wa mtoto anayefahamu unasihi. Alikuwa na nguo fupi, akisujudu inapanda, mpaka mwanamke mmoja akawaambia watu wamfunike makalio msomaji wao. Wakamshonea kanzu. Alisema hajawahi kufurahia kitu kama alivyoifurahia kanzu ile.

Yule mzee wa Buyenzi aliponiuliza "Huyu mtoto?", kama ningekuwa nimeisoma hadithi hii ningemjibu kuwa hata mtoto anafaa. Juzi mdogo wangu alinipigia simu. Alisema mzee amemuuliza ninarudi lini, kwa sababu anataka nisalishe tarawehe kumi za mwisho. "Na mimi, Kaka," akasema, "unifundishe Suratul Mulk. Walinisukuma tena mbele wiki iliyopita, nikasoma Kauthar rakaa zote mbili." Viatu vyenye soli nene ningempa yeye avivae, lakini mguu wake ni namba 45, na changu ni 39.